Kuni za Mtu Aliye Hai

Nikiwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba niliwahi kuishi Kasulu na kilichonitesa kuliko vyote kilikuwa baridi, hunitazama kama mtu anayedai aliumwa na samaki nchi kavu. Kwao Kigoma ni ziwa, mawese na dagaa, na mahali pa namna hiyo hapawezi kuwa na baridi. Siwalaumu. Hawajaamka Kasulu mwezi wa saba, ukungu umekalia mabati, jirani amekuja kuazima jembe na salamu zake unaziona zikitoka mdomoni kama moshi.

Mimi sina udhuru, maana nilizaliwa Kibondo, na Kibondo nako watu huota moto. Lakini miaka ya chuo kikuu ilikuwa imenilainisha. Nilirudi nyanda za juu na shahada moja, suruali mbili za kitambaa chepesi na imani kwamba sweta ni vazi la wazee. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha sekondari mjini Kasulu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi wamejaa makambini na mji umejaa magari meupe ya misaada, na chumba cha kupanga kilitafutwa kwa tochi. Nilipata kimoja kwa huruma ya mwalimu aliyekuwa anahama.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande, ua katikati, na jiko la pamoja nyuma. Mwenye nyumba alikuwa fundi mwashi mstaafu aliyefyatua na kuchoma kila tofali la nyumba ile kwa mikono yake. Tulimwita Mzee, na mkewe tulimwita Mama. Wao walikaa vyumba viwili. Vinne vilikuwa vyetu: nesi wa hospitali aliyezaliwa Buhigwe; bwana mmoja wa Tanga mwenye duka sokoni; dereva wa lori la kupeleka chakula makambini, ambaye ni Mnyamwezi wa Tabora mwenye sauti ya honi; na mimi.

Siku ya kwanza Mzee hakuniuliza kabila, dini wala mshahara. Alinipeleka uani, akanionyesha pipa kubwa limekaa juu ya mafiga, akaligonga kwa fimbo.

"Mwalimu, kwangu mpangaji haogi maji ya baridi. Alfajiri utakuta moto, ndoo yako moja. Yamo ndani ya kodi. Ukihama hapa, hata kama tumegombana, useme hivyo."

Baadaye nilijua chanzo chake. Ujanani alikwenda manamba, kama vijana wengi wa Buha, nchi ya Waha, akakata mkonge mashambani Tanga. Huko walikuwa wakioga kwenye mfereji wa mtambo, kundi zima kwa pamoja kama ng'ombe wa josho. "Hapo ndipo nilipojiapiza," alisema. "Nikijenga, hata mgeni wangu ataoga kama mtu." Watu wengine huapa kusomesha watoto au kununua ng'ombe. Yeye aliapa ndoo ya maji ya moto, na alikuwa ameitimiza kila alfajiri tangu nyumba ipauliwe.

Zamani haikuwa kazi. Wanawake walishuka kutoka vilimani na mizigo ya kuni iliyowazidi kimo. Halafu makambi yakaja, na watu wale wote walihitaji kupika. Siwalaumu wao pia; maharage ya msaada hayaivi kwa sala. Lakini pori likarudi nyuma mwezi hadi mwezi, wauza kuni wakawa wanatoka mbali zaidi, mzigo ukawa mwembamba na bei ikawa nene. Nyumba nyingine za kupanga mjini ziliacha kuchemsha maji. Mzee hakuacha. Wala hakupandisha kodi, kwa sababu, alisema, sisi hatukuwa tumekata mti wowote.

Mwaka huo baridi ilipoanza, akaugua. Kifua kilikuwa kimemsumbua muda mrefu, vumbi la matofali na saruji, lakini sasa kilijaa maji na miguu ikavimba. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, mwisho akarudishwa nyumbani na dawa na maneno mazuri. Nesi wetu alituambia ukweli uani huku akisuuza viatu vyake vyeupe: hapakuwa na la kufanya zaidi ya kumpa dawa zake na kumtunza asipate baridi.

Na baridi ndiyo iliyokuwa imemwingia. Alivaa kofia ya sufu na makoti mawili kitandani, na bado meno yaligongana. Mama alitaka kumwekea jiko la mkaa chumbani. Nesi akakataa kabisa. Alikuwa ameshapokea hospitalini watu waliolala na mkaa wakiwa wamefunga dirisha, na hawakuwa wametoka kwa miguu yao. Ndipo Mama akatoa magunia katika stoo iliyopakana na jiko la pamoja, akamhamishia humo. Ukuta wa stoo ulikuwa mgongo wa jiko. Moto ukiwaka kutwa upande wa pili, matofali yalikunywa joto na kulitema taratibu hadi asubuhi. Mzee alilala amegeukia ukuta, kiganja kimeugusa.

"Tofali nililichoma vizuri," aliniambia nilipokwenda kumjulia hali. "Lingekuwa bichi, ningekuwa nimeshakufa."

Sasa moto wa kutwa unakula. Wiki haikuisha, Mama akatuita chumbani kwa nesi, mlango umerudishwa. Alikaa kwenye ncha ya kitanda kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Wanangu, kuni hazitoshi mambo mawili. Ni pipa au ni ukuta."

"Ukuta, Mama," alisema nesi. "Hilo nalo la kuuliza?"

"Yeye hataki. Amesema siku pipa likizimwa, anarudi chumba cha mbele. Mnamjua."

Tulimjua. Mwenye duka akashauri kodi iongezwe kimyakimya. Mama akatikisa kichwa: mumewe alipokea kodi kwa mkono wake, mwisho wa mwezi, akiwa amekaa, na hilo lilikuwa jambo pekee la kiume lililobaki kwake. Mimi niliyesomea uchumi kidogo katika shahada yangu nilifikiri kwa bidii na sikupata kitu.

"Basi tuoge baridi," alisema nesi, "na tuseme ni ya moto."

Dereva akashtuka. "Sista, unanijua mimi natoka wapi? Tabora jua linachemsha hata kisima."

"Ndiyo maana utavumilia. Joto lako bado umelibeba."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuigiza. Alfajiri Mama aliwasha majani makavu chini ya pipa, yalie kidogo, moshi uvuke juu ya ukuta wa stoo, kisha akahamisha kuni zote jikoni. Sisi tukaingia bafuni mmoja mmoja na ndoo ya maji yaliyolala nje usiku kucha. Mwenye duka alitia udhu kwa maji hayo na akasema kwa mara ya kwanza ameelewa maana ya thawabu. Nesi aliimba nyimbo za kwaya kwa kasi iliyozidi kanuni. Mimi nilikuwa nanyunyiza mabega na kupangusa kinachobaki. Wanafunzi wa mstari wa mbele wakapata habari kabla ya Mzee.

Dereva hakuwa na kipaji cha kuigiza. Maji yalipomgusa mgongo alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

"Mama!" ilisikika sauti ya Mzee kutoka stoo. "Huyo Mnyamwezi ana nini?"

"Maji yamemuunguza!"

"Mwambie achanganye!"

"Nimechanganya, Mzee!" dereva akapaza sauti, meno yakigongana. "Yanachoma hivyohivyo! Kuni zako kali!"

Tulicheka tukiwa tumeziba midomo kwa taulo. Nakumbuka Mama pia alicheka, akashika nguzo ya jiko, na machozi yakamtoka, na sikujua yalikuwa ya upande gani.

Lakini hata hivyo kuni hazikutosha. Ukuta ulikuwa na njaa kuliko tulivyodhani, na mzigo uliofuata wa kuni ulikuwa mwembamba kuliko uliopita. Tukarudi chumbani kwa nesi. Siku hizo redio ilikuwa haiishi kuzungumzia kuchangia gharama, hospitalini na shuleni, na mimi nilikuwa nimejaa msamiati huo.

"Tuchangie gharama," nilisema. "Si kwa fedha, Mzee atajua. Kwa kuni. Kila mtu akirudi kazini, aje na ukuni mmoja."

Lilionekana wazo safi. Dereva alipita porini kila siku. Mwenye duka alikuwa na mbao za makasha ya sabuni. Hospitali ilikuwa na mikaratusi iliyoanguka. Na mimi nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule ambayo kila mwanafunzi alileta ukuni siku ya Ijumaa na asiyeleta aliadhibiwa. Sasa nilianza kuwatazama wenye adhabu hiyo kwa moyo wa kindugu, nikiwa nabeba wa kwangu kuvuka mji mzima na shati jeupe.

Watu watano tuliketi katika chumba kile. Mama, nesi na mimi tulikuwa Waha, tumezaliwa na kulelewa Buha. Mpaka leo sielewi ilikuwaje tusione. Kwetu, mtu anapofiwa, humwendei mikono mitupu. Unachukua ukuni mmoja begani, unaingia uani bila salamu, unautua, ndipo unatoa pole. Huo ndio moto wa matanga. Utawaka nje mpaka siku ya kuanua, na kila aliyekuja ana ukuni wake ndani yake. Nilishabeba kuni hizo tangu niko darasa la tatu. Labda shida ndiyo iliyotufumba macho: tulimfikiria mtu anayetetemeka, hatukufikiria namna tutakavyoonekana tukiingia.

Siku za mwanzo hakuna aliyeona. Kila mtu alirudi kwa wakati wake, akapitia mlango wa nyuma, akatua ukuni jikoni. Ukuta ukapata joto zuri. Tulikuwa tunaleta zaidi ya zinazochomwa, na rundo likaanza kukua kando ya jiko. Nilijisikia kama waziri.

Jumamosi moja Mzee aliamka ana nafuu. Alikunywa uji wote, akasema anataka kuona watu. Mama alifurahi mno. Akamvisha makoti yake, akamfunga blanketi, dereva akambeba kabla ya kwenda safari yake fupi, wakamkalisha barazani mbele ya nyumba, jua linapopiga. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa sababu Mama alikuwa huko mbele pamoja naye.

Nilifika wa kwanza, alasiri, ukuni begani. Nilimwona Mzee, nikafurahi, lakini nilikuwa nimebeba kitu kizito; sikuweza kumsalimu vizuri, kwa heshima ya kuinama na kupiga makofi kama tunavyofanya kwa mtu wa umri wake, mpaka niutue. Kwa hiyo nilipita kimya, nikautua kando ya mlango, ndipo nikageuka na kuinama. Nyuma yangu nesi alikuwa anaingia, ukuni wake umefungwa kwenye kanga. Naye alipita kimya, akatua juu ya wangu. Mwenye duka alifuata na mbao mbili, kichwa ameinamisha kwa sababu kwao mgonjwa husogelewa kwa upole. Kisha lori likasimama barabarani, na dereva akashuka na gogo la mninga ambalo lingempikia mtu harusi, akaliangusha juu ya lundo letu, likatoa mshindo.

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Akauliza kwa Kiha, taratibu, "Nani amekufa?"

Nesi aliweka mkono mdomoni. Mama alikuwa ameshika kikombe cha uji. Alikishusha chini kana kwamba kimemchoma. Mimi nilisimama nimeinama vilevile, makofi yameishia njiani.

Mwenye duka hakujua Kiha, na alidhani ameulizwa habari za kuni. "Tumepanga, Mzee wangu!" alisema kwa furaha. "Kila mtu na ukuni wake! Kila jioni!"

"Mmepanga," alisema Mzee, sasa kwa Kiswahili. "Vizuri. Jambo kama hili halitaki haraka."

Kisha akafanya kitu ambacho ningependa nisikikumbuke. Alitoa mkono ndani ya blanketi, akatunyooshea mmoja baada ya mwingine, kama mfiwa anavyopokea watu, na kwa kila mmoja akasema, "Asante kwa kuja." Mkono ulikuwa mwepesi, na jua lote lile halikuwa limeupasha.

Akataka kuonyeshwa lundo la jikoni. Dereva akambeba. Mzee akalikagua kama fundi anavyokagua ukuta wa mwenzake. "Mkaratusi. Mwembe. Mninga. Ubao wa sabuni." Akamgeukia Mama. "Kuni za muuzaji huwa za mti mmoja au miwili, maana hukata pale alipofika. Kuni za kila mti ni za watu wengi. Mlitaka kunificha nini?"

"Tulitaka upate joto," alisema Mama.

"Zisiguswe. Unajua wazee wanavyosema. Ukiwasha kuni za matanga mtu hajafa, unamwita."

Akarudi kitandani, akageukia ukuta. Jioni ile moto ulizimika, na ukuta ukaanza kupoa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Rundo lilikuwa pale, kavu, zuri, linatosha kupasha ukuta mpaka mvua, na hakuna aliyethubutu kulitoa hata kijiti. Mama alinunua kuni kwa alichokuwa nacho, moto mdogo wa saa chache, na baada ya hapo alikaa kwenye figa akilitazama lile rundo kama mtu mwenye kiu anayetazama ziwa la chumvi. Mzee alitetemeka hata kitanda kikalia. Tulikuwa tunakisikia kutoka vyumbani kwetu.

Nilijaribu elimu yangu kwa mara ya mwisho. Nilimshauri Mama tubadilishane na muuza kuni: achukue zetu, atupe zake, mzigo kwa mzigo. Kuni zikishapita mkononi mwa mwingine, nilisema, zinakuwa bidhaa. Muuza kuni aliyekuja alikuwa mama wa makamo aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka ule wa makambi. Alitua mzigo wake, akatazama rundo. Kisha akatupa pole, mimi na Mama, kwa Kirundi ambacho ni Kiha kilekile.

"Hajafa mtu," nilisema.

"Basi ngojeni," alijibu kwa upole, akajitwika mzigo wake. Alikuwa ameacha nyuma yake misiba mingi. Hakuwa na nafasi ya kuchukua wa mtu mwingine.

Siku hiyohiyo jioni, jua halijazama, Mama alitugongea milango. Alikuwa amevaa kanga nyeusi kuukuu na kujifunga nyingine kichwani, kama mtu aliyefiwa. Nesi alipomwona alitaka kukimbilia stoo. Mama akamshika mkono.

"Yu hai. Njooni na mikeka."

Alikuwa amemtoa Mzee, amemkalisha jikoni kwenye kiti chenye mito, blanketi mpaka shingoni. Alikaa chini mbele yake, miguu ameinyoosha, namna mjane anavyokaa. Sisi tukatandika mikeka pembeni, hatujui tuangalie wapi.

"Umesema hizi ni kuni zako za matanga," Mama alimwambia mumewe. "Sawa. Basi matanga ni leo. Nitakulia sasa, ukiwa unanisikia, na wewe uote. Wakikuzika nitakulia tena, ukiwa hunisikii. Nimewahi kukuomba kitu gani tangu unioe?"

Kidevu cha Mzee kilikuwa kinatetemeka, kwa baridi au kwa jingine.

"Na kama unaniita?"

"Utakuwa umeitwa ukiwa na joto."

Alimtazama. Kisha akasogeza miguu yake iliyovimba karibu na mafiga, kidogo tu, akasema, "Anza na huo wa dereva. Mninga unakaa."

Mama aliwasha. Sijawahi kuona moto mzuri kama ule. Ulipanda, ukatulia, ukatoa joto lililotufikia sote mpaka ukutani. Mama alianza kulia, kwa sauti, kilio chenye maneno kama cha kwetu, anamtaja marehemu na sifa zake, na marehemu amekaa mbele yake anasikiliza, na mara mbili alimsahihisha: ng'ombe wa mahari walikuwa wachache kuliko aliowataja, na kule mkongeni hakukaa miaka mingi hivyo.

Halafu ilikuwa zamu ya mtani. Wanyamwezi na Waha ni watani, na msiba bila mtani kumsema marehemu haujakamilika. Dereva alisita, akasimama.

"Marehemu," alianza kwa sauti yake ya honi, "marehemu alikuwa bahili kama Muha yeyote. Isipokuwa maji. Maji ya moto marehemu alitupa kila siku bila kukosa, mpaka ngozi ikabanduka."

"Maji ya moto gani?" alisema Mzee kutoka kwenye blanketi. "Mtu anayeoga ya moto huimba polepole. Nimewasikia mkipiga mayowe na kukimbiza nyimbo za kanisa tangu nihamie stoo."

Nesi aliangua kicheko na kulia papo hapo. "Ulijua, Baba?"

"Nilijua. Nikasema, watoto wa watu wanapata shida kwa ajili yangu, nikiwaambia nimejua itakuwa shida bure." Akafumba macho. Uso wake ulikuwa umepata rangi. "Dereva, endelea. Bado hujanitukana vya kutosha."

Tulifanya hivyo jioni chache, mpaka rundo likaisha. Majirani waliona moshi na Mama katika nguo zile, wakaja, wakakuta Mzee anakunywa chai, wakaondoka wakinong'ona. Jioni ya mwisho hakuzungumza sana. Alikaa amenyoosha viganja kuelekea motoni, na kutetemeka kulikuwa kumeacha. Baada ya hapo ukuta ulibaki na joto kwa muda, na joto hilo lilipokuwa linaisha naye akaisha, mchana, Mama akiwa ameketi kando yake na nesi akiwa kazini.

Msiba wa kweli ulikuja na kuni zake. Watu walileta nyingi, kwa maana aliwajengea wengi. Nyingine zilikuwa mbichi, maana kavu hazikupatikana tena, na moshi ulitutoa machozi sote, hata waliokuja kwa ajili ya chakula. Wanawake wazee wa mtaa walimweka Mama katikati siku ya pili baada ya mazishi. Nilikuwa karibu, napanga mabenchi, nikasikia.

"Uliwasha matanga mumeo yu hai," alisema mmoja. "Ulimwita, akaitika. Sasa unalia nini?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Maiti haoti," alisema. "Mngetaka nimtunzie moto asioweza kuuota?"

Mwanamke yule akageuza uso kwenye moshi. Hakuna aliyemtetea Mama, wala mimi. Nilibeba benchi yangu nikaipeleka mahali isipohitajika.

Matanga yalipoanuliwa kulibaki kuni nyingi uani. Tulitegemea Mama atazigawa au atazitumia kupikia polepole, kwa vile sasa alikuwa peke yake na kila kijiti kilikuwa na bei. Lakini alfajiri tuliamka tukakuta pipa limechemka kweli, maji yanatoa mvuke, na jikoni moto unawaka, moto mkubwa wa kutwa, upande ule wa stoo.

Uliwaka siku ile, na iliyofuata. Nilipita stoo kuchukua jembe, nikakuta kitanda kimetandikwa na chumba kina joto kuliko chumba chochote Kasulu nzima. Hapakuwa na mtu ndani. Tulishauriana, sisi wapangaji, chumbani kwa nesi kama kawaida. Kila mtu alijua hesabu ilikuwa inasema nini. Hata mwenye duka alisema kuni zitakwisha kabla ya mvua na mjane atabaki hana cha kupikia. Tukamtuma nesi, kwa sababu yeye alikuwa kama binti wa nyumba.

Nilimsikiliza nikiwa mlangoni. Mama alikuwa jikoni, amepiga magoti, anasukuma ukuni ndani ya moto.

"Mama," alisema nesi, "huko ndani hakuna mtu."

"Najua, mwanangu," alisema Mama. "Acha kwanza."

Akachukua ukuni mwingine.